Namna ya Kutafuta Hitilafu katika Osileta ya Kristali ya Mita ya Masafa BC-221

Mita ya masafa ya redio BC-221, ambayo jeshi la Marekani liliitumia katika Vita vya Pili vya Dunia ikiwa sehemu ya seti iliyoitwa SCR-211, bado imo mikononi mwa mafundi na wapenzi wa redio, na nyingi kati ya zilizobaki huwaka vizuri lakini haziaminiki tena. Ndani yake mna osileta mbili, yaani saketi zinazozalisha mawimbi ya umeme ya masafa maalumu. Ya kwanza hurekebishwa kwa nobu kubwa ya mbele na hutoa masafa ya 125 hadi 250 kHz, au 2000 hadi 4000 kHz, kutegemea swichi ya masafa imewekwa wapi. Ya pili haibadiliki, kwa kuwa inaongozwa na kristali ya kwatzi ya 1000 kHz, na ndiyo inayotumika kuisahihisha ile ya kwanza kila mara kabla ya kupima. Kristali isipotetema, kitabu cha vipimo kinachoambatana na mashine, ambacho hubeba namba ileile ya mashine yake, hakina kazi, kwa sababu tarakimu zake zote zinadhania kwamba nobu ya kusahihisha imekwisha kuwekwa sawa kwa kulinganisha na kristali hiyo.

Mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja ambao naona haupaswi kuvurugwa: kristali ni mshukiwa wa mwisho. Fundi mwenye haraka huichomoa kwanza, akaagiza nyingine, akasubiri wiki kadhaa, kisha akakuta ukimya uko palepale kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye swichi iliyoshika kutu au kwenye rezista ambayo thamani yake imepanda. Kwatzi yenyewe haizeeki kwa kasi kama kaboni, karatasi na chuma vinavyoizunguka.

Kinachoifanya saketi itetemeke

Osileta yoyote inahitaji mambo mawili kwa pamoja. Vali, yaani bomba lisilo na hewa linalokuza mawimbi ya umeme, lazima iyakuze kwa kiasi kinachozidi upotevu wote ulio njiani, na mawimbi yanayorudi kwenye gridi, ambayo ni mlango wa kuingilia wa vali, lazima yafike yakiwa yamelingana na yale yaliyotoka, ili yaongezeane badala ya kufutana. Kristali inasimama katika njia hiyo ya kurudi kama mlinzi wa mlango, ikiyaruhusu masafa yake tu na kuyazuia mengine. Kwa hiyo osileta inaweza kufa kwa sababu mbili zisizohusiana: ukuzaji umepungua, au upotevu umeongezeka. Vali iliyochoka na volteji iliyoshuka huleta la kwanza. Uchafu ndani ya kristali, kapasita inayovuja na miguso yenye kutu huleta la pili. Mara nyingi katika mashine yenye umri wa miaka 80 mambo yote mawili yamechangia kidogo kidogo, na ndiyo maana fundi anaweza kubadilisha vali moja na mashine ikafanya kazi kwa mwezi mmoja, kisha ikanyamaza tena.

Kwa upande wa umeme, kristali huchukuliwa kama koili, kapasita ndogo mno na rezista zilizofungwa mfululizo, na pembeni yake kapasita nyingine ya pikofaradi chache inayotokana na bamba za kishikilio chake. Rezista hiyo ya ndani ndiyo kipimo cha afya ya kristali: kadiri inavyopanda, ndivyo vali inavyolazimika kufanya kazi zaidi. Kwa kristali ya 1 MHz iliyo nzima, mia kadhaa za omu ni jambo la kawaida. Ikifika elfu kadhaa, matatizo yanaanza.

Lipo jambo jingine la kukumbuka kabla hujashika kifaa chochote cha kupimia. Masafa halisi ya osileta yanategemea pia kapasita zilizo nje ya kristali. Tuchukue mfano wa hesabu: kristali yenye kapasita ya ndani ya pikofaradi 0.010 na kapasita ya bamba ya pikofaradi 5, iliyotengenezwa kufanya kazi na mzigo, yaani jumla ya kapasita za nje, wa pikofaradi 32. Ukiongeza pikofaradi 10 juu ya mzigo huo, masafa yatashuka kwa takriban sehemu 29 kwa milioni, yaani hetsi 29 hivi kwenye 1000 kHz. Pikofaradi 10 hizo ndizo unazoziongeza unapogusisha probu ya kawaida ya osiloskopu iliyowekwa kwenye kumi kwa moja. Ukiiweka kwenye moja kwa moja, unaongeza karibu pikofaradi 100, na osileta dhaifu huzimika papo hapo. Fundi asiyelijua hili huiona saketi iliyokuwa hai ikifa kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaandika kwamba haitetemeki.

Usalama kwanza

BC-221 iliundwa kutumia betri: volti 6 kwa filamenti, yaani waya unaopasha vali joto, na volti 135 kwa anodi, yaani bamba ya vali inayopokea elektroni kutoka kwenye kathodi. Nyingi sasa zina pawasaplai ya umeme wa nyumbani iliyotengenezwa na mmiliki fulani wa zamani, na hizo zinatofautiana sana kwa ubora. Kabla ya kuchomeka, hakikisha transfoma imetengenezwa kwa volti 230 na si 115, kwamba kuna fyuzi upande wa umeme mkuu, na kwamba chasisi imeunganishwa na waya wa athi. Ukikuta pawasaplai isiyo na transfoma, ambamo chasisi imeunganishwa moja kwa moja na waya mmoja wa umeme wa ukutani, iondoe na utengeneze nyingine. Hiyo haifai hata kwa majaribio.

Kapasita za kuchuja huendelea kubeba umeme baada ya kuzima. Zitoe umeme kwa rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5 iliyofungwa kwenye waya wenye kihami kizuri, kisha pima kwa mita uone volteji imeshuka hadi karibu na sufuri. Usizigongeshe kwa bisibisi. Unapopima mashine ikiwa imewaka, funga waya hasi wa mita kwenye chasisi kwa klipu na utumie mkono mmoja tu.

Vifaa unavyohitaji si vya gharama kubwa: multimita ya kidijitali yenye ukinzani wa megaomu 10 kwenye kiingilio, rezista ya megaomu 1, redio ndogo inayopokea mawimbi ya kati, alkoholi ya isopropili, na dawa ya kusafishia miguso ya umeme. Osiloskopu inasaidia lakini si lazima. Redio ndogo ni ya lazima.

Hatua ya kwanza: thibitisha kwamba ugonjwa uko kwenye osileta ya kristali

Anza na jambo ambalo limewahangaisha wengi bure. Katika BC-221, plagi ya hedifoni ndiyo inayofunga saketi ya filamenti. Hedifoni isipochomekwa, vali haziwaki. Wapo waliofungua mashine nzima kwa sababu ya plagi ya kisasa isiyosukuma bapa za soketi hiyo ya zamani kwa kutosha. Chomeka plagi ya ukubwa sahihi, subiri dakika moja, kisha gusa vali kwa tahadhari uhisi kama zinapata joto.

Swichi kuu ina nafasi za CRYSTAL, OPERATE na CHECK pamoja na ya kuzima. Kwenye CRYSTAL, osileta ya kristali hufanya kazi peke yake. Kwenye OPERATE hufanya kazi osileta inayorekebishwa. Kwenye CHECK zote mbili hufanya kazi, na unapozungusha nobu kubwa polepole unapaswa kusikia milio inayoshuka hadi ukimya kisha kupanda tena, kila masafa ya nobu au hamoniki zake (yaani masafa yake yaliyozidishwa kwa 2, 3 na kuendelea) yanapokutana na hamoniki ya kristali.

Weka OPERATE na uingize mawimbi kutoka chanzo kingine, kwa mfano jenereta ya mawimbi iliyowekwa 3000 kHz, kwa waya mfupi unaolala karibu na kituo cha antena. Zungusha nobu kupita hapo. Ukisikia mlio, umejifunza mengi kwa mara moja: osileta inayorekebishwa ni nzima, kikuza sauti ni kizima, na sehemu ya kuchanganya mawimbi nayo ni nzima. Kazi ya kuchanganya na ile ya kristali zote hufanywa na vali moja, 6K8, ambayo ndani ya ganda lake mna vali mbili zinazotumia kathodi moja. Kwa hiyo kama OPERATE inalia na CHECK iko kimya, eneo la kutafuta limebaki dogo sana: nusu ya 6K8 inayohudumia kristali, rezista na kapasita chache zinazoizunguka, miguso ya swichi na kristali yenyewe.

Kama OPERATE nayo iko kimya, acha kristali kabisa. Tafuta hitilafu kwenye pawasaplai au kikuza sauti, urudi hapa baadaye.

Hatua ya pili: umeme unaofika kwenye vali

Pima volteji ya filamenti kwenye miguu ya soketi ya vali, si kwenye vituo vya pawasaplai. Vali tatu za mashine hii huchukua ampea 0.3 kila moja, jumla ampea 0.9, na mkondo huo ukipita kwenye mguso wenye kutu wa omu moja tu unapoteza karibu volti nzima. Vali ya volti 6.3 inayopata 5.2 huwaka na kuonekana nzima, huku kathodi yake haitoi elektroni za kutosha kuanzisha mtetemo. Hili ndilo chanzo cha mashine nyingi zinazoanza kufanya kazi baada ya nusu saa tu, au zinazofanya kazi mchana wa joto na kukataa asubuhi.

Kisha pima volteji ya anodi mashine ikiwa kwenye CRYSTAL. Volti 125 hadi 140 zinafaa. Pawasaplai za kujitengenezea mara nyingine hutoa volti 200 au zaidi kwa sababu mtengenezaji hakuweka kidhibiti, na hilo ni hatari kwa kristali zaidi ya upungufu: kwatzi inayosukumwa kupita kiasi hupata joto, masafa yake huhama, na mwisho inaweza kupasuka. Ukiona hivyo, weka dayodi ya zena au vali ya gesi ya kudhibiti volteji kabla ya kuendelea. Angalia pia mvumo, yaani mabaki ya mkondo geu yasiyochujwa: weka mita kwenye volti za mkondo geu, na kapasita ndani ya waya wa kupimia ili kuzuia mkondo wa moja kwa moja. Volti moja au zaidi ya mvumo wa 100 Hz inaonyesha kwamba kapasita za kuchuja zimekauka.

Hatua ya tatu: swichi, soketi na miguso

Hii ni hatua fupi. Zima mashine, toa umeme wa kapasita, nyunyiza dawa kidogo kwenye miguso ya swichi kuu na uizungushe kwenda na kurudi mara nyingi. Chomoa vali na kristali, futa miguu yake kwa kitambaa chenye alkoholi, na uirudishe ukiichezesha mara kadhaa. Soketi za kristali hulegea. Bana bapa zake kwa uangalifu kwa ncha ya sindano hadi zishike. Jaribu tena kabla ya kwenda mbele, kwa kuwa mashine nyingi hupona hapa.

Hatua ya nne: uliza osileta bila kuigusa

Hapa ndipo redio ndogo inapoonyesha thamani yake. Iweke kwenye mawimbi ya kati, iwe karibu na mashine, antena yake ya feraiti ikielekea kwenye kristali, na uitafutie 1000 kHz. Kristali haibebi sauti, kwa hiyo usitarajie kusikia muziki wala mlio; utakachosikia ni mchakaricho wa redio ukikatika ghafla, kana kwamba mtu amefunga dirisha. Mwambie mtu mwingine abadilishe swichi ya mashine kati ya OPERATE na CRYSTAL huku ukisikiliza. Kama mchakaricho unakatika na kurudi kulingana na swichi, kristali inatetemeka, na tatizo lako liko mbele yake, katika njia inayoyapeleka mawimbi kwenye kuchanganywa.

Katika nchi zetu, ambako stesheni za mawimbi ya kati hupangwa kwa hatua za 9 kHz, kuna njia iliyo dhahiri zaidi nyakati za usiku. Iko nafasi ya 999 kHz. Ukipata stesheni ya mbali kwenye nafasi hiyo, hata ikiwa dhaifu, mawimbi ya kristali yatakutana nayo na kutoa filimbi ya hetsi 1000 hivi ambayo haiwezi kukupotea. Redio yenye uwezo wa kupokea mawimbi ya upande mmoja (SSB) haihitaji stesheni yoyote. Yenyewe itatoa mlio.

Njia ya pili ni ya mita. Vali inapotetemeka, gridi yake huchota mkondo kidogo katika kilele cha kila wimbi, na mkondo huo ukipita kwenye rezista ya gridi huacha volteji hasi ya kudumu. Volteji hiyo ni ushahidi wa mtetemo na pia kipimo cha nguvu zake. Lehemu rezista ya megaomu 1 kwenye ncha ya waya wa mita, uache mguu wake mwingine uwe mfupi iwezekanavyo, na uguse nao mguu wa 5 wa soketi ya 6K8, ambao ndio gridi ya osileta. Rezista hiyo inazuia kapasita ya waya wa mita isiilemee saketi. Kwa mita ya megaomu 10, kipimo kitakuwa pungufu kwa asilimia 9 hivi, jambo lisilo na madhara hapa, kwa kuwa tunatafuta dalili na si thamani kamili.

Ukisoma volti kadhaa hasi, ambazo zinashuka hadi karibu na sufuri unapochomoa kristali, osileta iko hai. Ukisoma sehemu ya volti tu na kuchomoa kristali hakubadilishi kitu, imekufa. Ukisoma volteji chanya, hata ya volti moja, simama hapo: umekwisha kumpata mhalifu, na yuko katika hatua ya sita.

Hali ya katikati ndiyo inayosumbua. Volteji hasi ipo lakini ni ndogo, au inapatikana mara tatu kati ya tano unapowasha, au inaanza tu unapoigusa saketi kwa ncha ya waya wa mita. Hiyo ni osileta iliyo ukingoni: ukuzaji na upotevu vinakaribia kulingana. Usiridhike kwa kuwa imewaka. Endelea na hatua zinazofuata kama vile imekufa kabisa.

Hatua ya tano: vali

Badilisha 6K8 kwa nyingine unayoijua kuwa nzima. Mashine ya kupimia vali inaweza kusema vali ni nzima huku ikiwa imepima nusu ya kuchanganya tu, ndiyo maana napendelea kubadilisha. Subiri dakika tano na upime tena volteji ya gridi. Ikiongezeka kwa kiasi kikubwa, vali ya zamani ilikuwa imechoka. Lakini iweke, kwa sababu inaweza kuwa inafaa kabisa katika saketi nyingine isiyodai sana.

Wakati huohuo pima volteji ya anodi ya osileta kwenye mguu wa 6 na ya gridi-skrini kwenye mguu wa 4, na ulinganishe na jedwali la kitabu cha matengenezo cha toleo lako. Matoleo ya BC-221 ni mengi, hutambulishwa kwa herufi baada ya namba, na saketi zake hutofautiana hapa na pale; mchoro wa toleo jingine unaweza kukupoteza.

Hatua ya sita: rezista na kapasita

Rezista za zamani za kaboni hupanda thamani kwa kuzeeka, hazishuki isipokuwa kwa nadra. Zima mashine, toa umeme wa kapasita, chomoa vali ili isitengeneze njia ya pembeni, na upime kila rezista iliyo kwenye osileta. Kipimo kikiwa juu ya thamani iliyoandikwa kwa zaidi ya asilimia 20, badilisha. Kikiwa chini, usiilaumu rezista mara moja. Huenda unapima kitu kingine kilichofungwa sambamba nayo, kwa hiyo inua mguu mmoja na upime upya. Rezista ya anodi iliyopanda huinyima vali umeme, nayo ya gridi iliyokatika huifanya osileta ianze na kusimama kwa vipindi, kwa sababu umeme hasi unajikusanya kwenye gridi bila njia ya kutoka.

Kapasita zinazounganisha anodi na gridi, kama zipo katika toleo lako, ndizo zenye ujanja zaidi. Mita ya kapasita hupima kwa volteji ndogo na inaweza kusema kila kitu ni sawa. Kipimo cha kweli ni uvujaji chini ya volteji halisi: inua mguu wa kapasita ulio upande wa gridi, washa mashine, na upime kwa mita kati ya mguu huo na chasisi, mita ikiwa kwenye volti za mkondo wa moja kwa moja. Volteji itaruka kisha inapaswa kushuka hadi karibu na sufuri. Ikibaki juu, kapasita inavuja. Mikroampea moja tu ikipita kwenye rezista ya gridi ya megaomu 1 huleta volti moja chanya, na hiyo inatosha kuiondoa vali katika hali yake ya kazi.

Kapasita za karatasi zilizofunikwa kwa nta au plastiki ya kahawia zibadilishwe zote bila mjadala. Zile za mika huvuja mara chache zaidi, lakini hazina kinga: katika hewa yenye unyevu na chini ya volteji ya kudumu, fedha ya bamba zake husafiri polepole juu ya mika hadi kutengeneza njia. Dalili yake ni masafa yanayorukaruka hetsi kadhaa bila sababu. Gonga kila moja taratibu kwa fimbo ya plastiki huku ukisikiliza mlio kwenye redio. Inayobadilisha mlio ndiyo mbovu. Ukibadilisha kapasita yoyote iliyo kwenye njia ya kristali, weka ya thamani ileile na ya aina thabiti, yaani mika au keramiki isiyobadilika kwa joto. Keramiki ya kawaida ya kuchujia umeme haifai hapo hata kidogo.

Hatua ya saba: kristali yenyewe

Umefika hapa baada ya kuondoa kila mshukiwa mwingine. Kwanza ipime nje ya mashine. Chukua jenereta ya mawimbi ya kidijitali inayosogea kwa hatua za hetsi moja, ipitishe kwenye kristali, na upande wa pili weka rezista ya omu 100 kwenda ardhini, ukisoma volteji juu ya rezista hiyo kwa osiloskopu. Pita polepole kuanzia 999,500 hadi 1,000,500 Hz. Uvumilivu unahitajika, kwa sababu dirisha la kristali nzuri ya 1 MHz lina upana wa hetsi 20 hivi, na ukisogea kwa hatua kubwa utaliruka bila kuliona. Ukipata kilele, iache jenereta hapo, toa kristali, weka mahali pake rezista ya kurekebisha ya kilo-omu 5, na uizungushe hadi upate volteji ileile. Pima rezista hiyo kwa mita. Kiasi utakachosoma ndicho ukinzani wa ndani wa kristali yako.

Ikiwa ukinzani uko juu, chanzo cha kawaida ni uchafu au unyevu ndani ya kishikilio. Uamuzi wa kufungua unategemea aina. Vishikilio vya bakelaiti vilivyofungwa kwa skrubu, kama FT-243, vina kwatzi iliyobanwa kati ya bamba mbili za chuma kwa springi, na hivyo vinaweza kufunguliwa na kusafishwa. Tahadhari na FT-241, ambacho kwa nje kinafanana sana na FT-243: kwatzi yake imepakwa chuma na kulehemiwa kwenye nyaya nyembamba, na kuisugua ni kuiua. Vishikilio vya chuma vilivyozibwa kwa risasi visifunguliwe. Kristali ya aina hiyo ikichoka, hubadilishwa.

Kusafisha kwenyewe ni kazi ya utulivu. Fanyia juu ya sahani nyeupe ili kitakachodondoka kionekane. Legeza skrubu, inua kifuniko na gasketi, toa springi, kisha bamba ya juu, kwatzi na bamba ya chini, ukiweka alama ndogo ya penseli kwenye karatasi kuonyesha upande uliokuwa juu. Shika kwatzi kingoni kwa kibanio cha plastiki, kamwe si kwa vidole, kwa kuwa mafuta ya ngozi yanatosha kuizuia isitetemeke. Ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo kwa mswaki laini, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, maliza kwa alkoholi ya isopropili na uiache ikauke yenyewe. Zioshe bamba vivyo hivyo. Usitumie msasa, poda ya kusugulia wala dawa ya meno: kila chembe ya kwatzi unayoitoa inapandisha masafa, na hairudi. Wapenzi wa redio wa zamani walikuwa wakishusha masafa ya kristali kwa kuipaka penseli, mbinu inayofanya kazi kwa kutangazia lakini isiyofaa kwa kifaa cha kupimia, kwa kuwa grafiti haikai mahali pamoja.

Kama kristali imepasuka, au haipati kilele popote, nunua nyingine ya 1000 kHz na uulize mzigo wake wa kapasita. Iliyotengenezwa kwa pikofaradi 20 ikiwekwa kwenye saketi ya pikofaradi 32 itatetemeka vizuri, lakini chini ya masafa yake kwa makumi ya hetsi ambazo trima, yaani kapasita ndogo ya kurekebisha masafa, inaweza isiweze kuzifidia.

Kwa vifaa vya transista

Mpangilio ni uleule katika kaunta za masafa na jenereta za miaka ya 1960 na 1970, na tofauti chache. Badala ya volteji ya gridi, pima kati ya besi na emita: transista ya silikoni iliyo kimya huonyesha volti 0.6 hadi 0.7, na inayotetemeka kwa nguvu huonyesha pungufu ya hapo. Kapasita za tantalamu zinazochuja umeme wa osileta hupenda kuwa shoti. Transista za germaniamu za familia ya AF114 hadi AF117 huota nyuzi nyembamba za bati ndani ya ganda na kuunganisha miguu na ganda. Zipime kila mguu dhidi ya waya wa ganda. Kristali za masafa ya juu hufanya kazi kwenye mtetemo wa tatu kwa msaada wa koili, kwa hiyo ukikuta masafa ni takriban theluthi moja ya yaliyoandikwa, rekebisha koili kabla ya kuishuku kristali. Na kama kuna joko la kuitunzia kristali joto, hakikisha kidhibiti chake kinawaka na kuzima. Kilichogandama huipika kristali mfululizo.

Hatua ya nane: kuweka masafa sawa

Acha mashine iwake angalau dakika 20. Chanzo cha kulinganishia kilicho rahisi kwetu ni osileta ya 10 MHz inayoongozwa na setilaiti za GPS, kwa kuwa mawimbi ya stesheni ya WWV ya Fort Collins, Colorado, hayafiki Afrika Mashariki kwa uhakika. Weka redio ya mawimbi mafupi kwenye 10 MHz, waya mfupi mmoja ukitoka kwenye chanzo na mwingine ukilala karibu na mashine, ili hamoniki ya 10 ya kristali isikike kwa nguvu inayokaribia ile ya chanzo. Utasikia mlio, kisha kadiri unavyougeuza trima, au kapasita ndogo iliyo sambamba na kristali katika matoleo yasiyo na trima, mlio utashuka hadi usisikike, na sindano ya nguvu za mawimbi itaanza kuyumba. Yumbo moja kwa sekunde ni hetsi moja kwenye 10 MHz, yaani sehemu moja kwa milioni kumi, usahihi unaozidi sana mahitaji ya mashine hii. Trima izungushwe kwa bisibisi ya plastiki. Ya chuma huongeza kapasita yake yenyewe na kukudanganya.

Sasa funga mashine kwenye sanduku lake na usikilize tena. Chuma cha sanduku kinaongeza kapasita kidogo, na mara nyingi masafa yatakuwa yameshuka hetsi moja au mbili. Fungua, pandisha trima kwa kiasi hichohicho juu ya sufuri, funga, na usikilize. Yumbo likiwa la polepole sanduku likiwa limefungwa na skrubu zote zimekazwa, weka swichi kwenye CHECK, tafuta pointi ya ukaguzi iliyo karibu zaidi na masafa unayotaka kupima katika kitabu cha mashine, uiweke nobu kwenye tarakimu hiyo, na uzungushe nobu ya CORRECTOR hadi mlio ukome.